Beseni Moja, Visiwa Vinne

Juzi mlikuja kwangu vijana watano, madaftari kwapani, mkaketi kwenye daka langu, hapa ukumbi wa mlangoni, na kuniuliza swali alilowapa mwalimu wenu: viumbe hivi vya aina elfu na elfu, je, viliumbwa kila kimoja hivi kilivyo, au vilitokana kimoja na kingine, vikabadilika polepole? Yule mwembamba wenu, anayependa kukatiza watu maneno, akaongeza, "Babu, tumeambiwa wewe ulifanya kazi na Mzungu aliyekuja Amu kutafuta jibu."

Nikawapa kahawa. Nikawapa halua. Nikawasimulia habari za meno yangu, lipi limetoka lini, mpaka adhana ikawaokoa. Mkaondoka mkidhani akili ya babu imeshachakaa. Haijachakaa kiasi hicho. Niliona haya, basi. Sasa nimeamua kuwaandikia, maana karatasi hainitazami usoni.

Jibu la swali lenu, au tuseme kipande chake, kiliwahi kufika mikononi mwangu kikiwa ndani ya vikapu. Nikakimwaga ndani ya beseni.

Kwanza mjue mlikuwa mkizungumza na mtu wa namna gani. Nimezaliwa hapa Amu, mnapopaita Lamu, mtaa wa Mkomani, katika nyumba hii hii, na nikijaliwa nitatolewa humu kwa jeneza. Langoni, mtaa wa jirani, nilikuwa naenda kwa haja maalumu. Kwenda Shela niliwahi kujaribu kwa miguu, nikarudi nusu ya njia kwa sababu jua lilinitazama vibaya. Bahari naipenda sana ikiwa imekaa kwake nami nimekaa kwangu. Mke wangu, Mwana Esha, alikuwa akiwaambia mashoga zake, "Mume wangu mimi akienda kisimani huaga." Na kisima kimo ndani ya nyumba.

Nilisoma chuoni kwa mjomba wangu, Mwalimu Omari, kisha karani mmoja Mgoa wa forodha akanifundisha hati ya Kizungu na Kiingereza cha kutosha kuitikia kila ninaloambiwa. Ndiyo sababu Mzungu yule alipofika, miaka michache kabla ya vita vile vya kwanza vya Wazungu, na kupanga nyumba nyuma ya yetu, aliambiwa, "Mtu wa kalamu yuko hapo, wala huna haja ya kumtafuta, hatoki."

Jina lake silitaji. Watu wa Amu walimpa jingine siku ya pili: Bwana Konokono. Hakutaka pembe, hakutaka shamba, hakutaka mtu abadili dini. Alitaka konokono wa nchi kavu, wale wadogo wa magugu, mnaowakanyaga mvua ikinyesha. Watu walimshuku sana. Mzungu asiyetaka pembe wala shamba, walisema, hakika anataka kitu kikubwa zaidi.

Na kweli alitaka kikubwa. Alinieleza mara nyingi, akichora kwa kidole juu ya meza yenye vumbi. Hapo kale, alisema, huenda Amu, Manda, Pate na Kiwayu zilikuwa nchi moja, bahari ikaingia kati. Konokono hajui kuogelea. Waliobaki Manda wakabaki Manda na watoto wao, waliobaki Pate wakabaki Pate. Sasa, kama kila kisiwa kina konokono wake mwenye umbo lake, ndugu wa yule wa pili ila si yule, basi huo ni ushahidi kwamba walitokana na mzazi mmoja, wakabadilika walipotengana. Kwao kulikuwa na wenzake waliompinga. Walisema kila aina ilichorwa mara moja, kama fundi anavyochora nakshi za mlango, na mlango haujichongi upya. Yeye alitaka kuwapelekea konokono, si maneno.

Kazi yangu mimi ilikuwa kuwatoa hao konokono katika nyumba zao, kuwaosha, kuwapa nambari na kuwaandika kitabuni. Niwape ujuzi wangu, labda ndiyo mali pekee niliyo nayo humu. Maji yachemke kwanza, uyatoe motoni, ndipo uwatie. Ukiwachemshia juu ya moto ganda hupauka. Waache kwa muda wa kusoma Fatiha mara mbili, bila pupa. Chukua pini, ipinde ncha, ichomeke kwenye nyama, kisha zungusha ganda. Usizungushe pini. Mwenye haraka huvuta, nyama ikakatika, kipande cha mwisho kikabaki kule juu kabisa penye ncha, na baada ya siku tatu mtaa wote unajua kazi unayoifanya. Nambari huandikwa ndani ya mdomo wa ganda kwa kalamu nyembamba, kisha hupakwa ute wa yai, wino usifutike. Mimi nilikuwa na hati nzuri. Kumbukeni hilo, tutalirudia.

Siku yangu ya kwanza nilichukua sufuria ya Mwana Esha ya mchuzi. Aliingia jikoni, akachungulia ndani.

"Bwana Shee," akasema, "hiki ni kitoweo au ni kazi?"

"Ni kazi."

"Basi uile wewe kazi yako, mimi naenda kula kwa mama."

Akaisugua sufuria ile kwa mchanga na majivu mara saba, kama imelambwa na mbwa, kisha akaigawa. Kesho yake Bwana Konokono akanipa beseni jeupe la Ulaya, pana, la fahari. Ndilo beseni lenyewe.

Aliyenifundisha kazi hasa si Mzungu. Ni Bwana Lali wa Kipungani, mkata boriti, mtu mkavu mwenye nyayo zilizopasuka kwa chumvi, aliyekuwa ameingia katika kila koko la mikoko kutoka Kipungani hadi Kiwayu. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaokota konokono na kuwaleta. Hakujua kusoma hata alifu. Mkewe alimsukia vikapu vya miyaa vyenye ukubwa wa ngumi, vyenye kifuniko, na Lali akavifunga kwa ukambaa wenye mafundo. Fundo moja, Amu. Mawili, Manda. Matatu, Pate. Manne, Kiwayu. Kikapu kikishafungwa hakifunguliwi mpaka kifike kwangu, na kikifika kwangu hufunguliwa peke yake, huoshwa peke yake, huandikwa, ndipo hufunguliwa cha pili. Ndiyo sheria aliyoiweka Lali, Bwana Konokono akaipenda, akaniapisha.

Mara ya kwanza kumwona Lali akifanya kazi nilimcheka. Alikuwa anawapapasa konokono kama kipofu.

"Shee, ndoo hapa," akaniita. "Tia kidole mdomoni."

"Mdomoni mwa nani?"

"Mwa kadhi. Mwa konokono, Shee! Waona huyu? Mdomo umekunjika nde, haukuingia ndani. Huyu ni wa Pate. Na huyu wa Manda, hesabu mizunguko yake, ana moya zaidi. Wa Kiwayu mwembamba, wa Amu mnene kama weye."

Mimi niliona konokono, na baada ya hao nikaona konokono wengine. Nikamwuliza vipi yeye anaona.

"Nimewaona kwao," akasema. "Weye huwaona kwako."

Jioni maneno yale ya Bwana Konokono, ya nchi moja na mzazi mmoja, yalikuwa yakipikwa barazani, nje ya nyumba ya Mwalimu Omari. Wazee walikuwa wakimsukuma mjomba amlaani yule Mzungu, amalize. Mjomba hakuwa mtu wa kusukumwa.

"Mwenyezi Mungu akitaka kuumba kitu kwa mara moja, ataumba," alisema. "Akitaka kukitoa kitu katika kitu kwa muda asioujua mtu, vilevile. Mimi sikuwapo. Wewe ulikuwapo, Shee?"

"Sikuwapo, mjomba, lakini huyu anasema wanyama wamejifanya wenyewe!"

"Asema hivyo, au wewe wasema kwa niaba yake? Hebu tumwulize aliyewahi kuwaona hao konokono." Akamgeukia Lali, aliyekuwa ameketi kwenye ukingo wa baraza. "Bwana Lali, ni mmoja au si mmoja?"

"Si mmoya, Mwalimu. Lakini ni ndugu."

"Basi," akasema mjomba, "leo tumejua kidogo zaidi kuliko yana." Akaomba kahawa.

Mimi nilikwenda nyumbani nimekasirika. Miongoni mwa watu wote wa Mkomani, mwenye ghera kali zaidi ya kuitetea dini dhidi ya konokono nilikuwa mimi, ambaye sikuwahi kuwaona ila vikapuni.

Siku ya kosa lenyewe haikuwa na dalili yoyote. Lali alikuwa amezunguka visiwa vyote vinne kwa zaidi ya mwezi, akaleta vikapu kumi na viwili, vitatu vya kila kisiwa. Mara ya kwanza alikuwa ameleta wachache, Bwana Konokono akawapima, akaona wanatofautiana kama Lali alivyosema, akaruka kwa furaha. Sasa alitaka wengi, ili wenzake wasipate la kusema. Vikapu hivi kumi na viwili ndivyo alivyovisubiri. Yeye mwenyewe alikuwa kitandani na homa.

Na nyumba ya pili kulikuwa na harusi. Harufu ya pilau iliingia dirishani, ikanishika mkono. Vikapu kumi na viwili, kimoja kimoja, ni kazi ya kutwa mbili. Nikajiambia, mimi ni mtu wa akili. Beseni ni pana. Nikitia wa Amu upande huu, wa Manda upande ule, Pate kule, Kiwayu hapa karibu yangu, wataoga wote kwa wakati mmoja, nami nitakumbuka. Nikachukua kisu, nikakata kambaa zote kumi na mbili kwa mara moja, sikuwa na subira ya kufungua mafundo. Nikawamwaga kila watu upande wao. Kisha nikamimina maji ya moto.

Hamjawahi kuona konokono mia kadhaa wakimiminiwa maji. Walizunguka. Walielea, wakabingirika, wakapanda juu ya wenzao kama watu wanaokimbilia ngalawa. Kwa muda wa Fatiha mbili bahari iliyotenganisha Manda na Pate ikawa haipo tena. Niliirudisha nchi moja, mimi peke yangu, kwa birika.

Nilisimama pale nimeshika pini. Hapo nilikuwa na njia moja tu ya mtu mzima: kuvuka ua, kumwamsha mgonjwa, kumwambia, "Bwana, nimeharibu." Angeudhika. Lali angekwenda tena. Ungepotea mwezi mmoja. Ndilo deni lote lingekuwa hilo.

Badala yake niliketi, nikawatoa nyama vizuri sana, nikawakausha kivulini vizuri sana, kisha nikaanza kuwagawia visiwa kama mtu anayegawa karata. Wewe Pate. Wewe Manda. Huyu mmoja nilimpa Kiwayu kwa kuwa Kiwayu walikuwa wachache nikawaonea huruma. Nikaandika nambari ndani ya midomo yao kwa ile hati yangu, nikajaza kitabu, mistari imenyooka, hakuna doa. Nikawahi pilau.

Na sasa sikilizeni, maana hili ndilo linalonifanya nisiwatazame machoni. Usiku ule moyo ulipoanza kunisumbua, nikautafutia dawa. Nikauambia: kumbe umefanya jambo jema! Kwa konokono waliochanganyika, Mzungu hatopata ushahidi wake, na uumbaji wa Mungu umelindwa. Nililala usingizi mzuri. Nilichukua uvivu wangu, nikauvisha kanzu na kilemba, nikaupeleka mbele nafasi ya imamu.

Bwana Konokono alipopona alipima kwa siku nane. Nilikuwa nikimwona kila siku amekonda zaidi. Konokono wenye mdomo uliokunjika walikuwa kila kisiwa, wenye mzunguko wa ziada kila kisiwa, wanene kila kisiwa. Siku ya tisa akamtuma mtu kumwita Lali. Na aliyetakiwa kuwa mkalimani kati yao, kwa kuwa Bwana alijua Kiswahili cha sokoni tu, ni nani kama si mimi.

"Mwulize," akasema Bwana, "alikwenda kweli visiwa vyote vinne?"

Nikamwuliza. Lali akashangaa. "Nimekwenda, kwa nini nisende?"

"Mwulize, hakuokota wote mahali pamoja akawagawa katika vikapu?"

Nikauliza hilo pia, ulimi mzito kama nimetafuna tambuu mbichi. Lali alinyoosha mkono kuelekea meza. "Mwambie anipe niwatazame."

Akaketi chini, akapewa sinia. Akaanza kuwachagua kwa kidole, bila kuharakisha, mmoja mmoja. "Huyu Manda. Huyu Pate. Manda. Amu huyu. Kiwayu." Akapanga mafungu manne juu ya jamvi. Kila alipotaja, Bwana alitazama nambari mdomoni mwa ganda, akafungua kitabu changu, akasoma. Huyu aliyeitwa Manda, kitabu kinasema Kiwayu. Huyu aliyeitwa Pate, kitabu kinasema Amu. Katika chumba kile watu tulikuwa watatu, na mimi peke yangu nilijua kwamba mtu asiyejua alifu anasoma vizuri, na kitabu ndicho kisichojua kusoma.

Bwana akafunga kitabu. Hakupiga kelele, angepiga ningeshukuru. "Hata yeye mwenyewe hajui alikowatoa. Mwambie ni mwongo. Mwambie simhitaji tena."

Ningeweza kusema chochote pale. Ningeweza kulilainisha. Ningeweza, Mungu anajua, kusema kweli, kwa lugha zote mbili.

"Bwana asema," nikamwambia Lali, "umemdanganya. Asema wewe mwongo. Hakuhitaji tena."

Lali hakumtazama Mzungu. Alinitazama mimi. Alitazama na mikono yangu, kisha akalitazama beseni lililokuwa limeegemezwa ukutani.

"Na weye, Shee, wasemaje?"

Nikasema, "Mimi natafsiri tu."

Akainuka, akachukua vikapu vyake kumi na viwili vitupu. Kambaa zilikuwa zimekatwa. Alizipitisha vidoleni moja moja, akaondoka bila kuaga.

Nilikwenda kwa mjomba kupokea sifa. Msicheke, ndivyo ilivyokuwa. Nilidhani angalau yeye atanisifu kwa kuitetea dini. Nikamweleza yote, beseni, karata, kitabu. Mwalimu Omari alikuwa anachonga kalamu ya mwanzi. Akaiweka chini.

"Mwenyezi Mungu alikuomba umsaidie?"

"Hapana, mjomba, lakini..."

"Alikuambia kazi yake haitasimama ila kwa uongo wako?"

Nikaanza kuokota vipande vya mwanzi sakafuni.

"Tumeamrishwa tutembee katika nti tutazame uumbaji ulivyoanza. Weye hata Manda hujafika. Yule Mzungu ametembea, Lali ametembea. Weye umekaa, kisha umewafunga macho waliotembea. Nenda kamwambie. Meli ya kumrudisha kwao ingali siku tatu."

Siku tatu. Siku ya kwanza nilikuwa na kikohozi. Siku ya pili nilikwenda mpaka mlangoni kwake, nikasikia anagongelea masanduku misumari, nikaona si adabu kumkatiza mtu kazi. Siku ya tatu nilipanda darini, nikaitazama meli ikienda na konokono wangu, na jina la Lali ndani yake.

Huenda ningeishi na hayo, maana mtu wa kukaa ndani huzoea mambo mengi. Lakini baada ya mwezi Mwana Esha alirudi kutoka kwenye hitima na habari. Kipungani kulikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba la minazi la mjane mmoja, Bi Somoe. Jirani amelila kwa hatua thelathini. Shahidi wa mjane alikuwa Lali, aliyeupanda mpaka ule pamoja na marehemu. Miaka yote Lali akisema hapa, watu husema hapa. Safari hii jirani alisimama mbele ya wazee akasema, "Mwataka kumsikiliza huyu? Mzungu amemthibitisha mwongo kwa kitabu!" Wazee wakakataa ushahidi wake.

"Yule Lali si rafiki yako?" akauliza Mwana Esha. "Kwani alifanya nini?"

Nikamwambia alichofanya Lali, kisha nilichofanya mimi. Nilingoja anitanie. Ndiyo mara ya kwanza katika ndoa yetu hakunitania. Alikwenda chumbani, akatoka na makubadhi yangu, akayaweka miguuni mwangu, ncha zimeelekea mlangoni.

Nilikwenda Kipungani kwa miguu. Safari ile sitaisimulia, mchanga ni mchanga. Nilimkuta Lali chini ya kipaa cha makuti anachonga shoka mpini. Nikamwambia yote nimesimama. Alichonga mpaka nilipomaliza.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Kambaa zilikatwa zote kwa kisu, mkato mmoya. Mtu akifungua kimoya kimoya hakati hivyo. Na beseni lilikuwa na alama ya ukoko mpaka yuu."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuuliza weye. Mwenye kusema ulikuwa weye." Akaweka shoka chini. "Ulinitukana mbele ya mtu. Wataka kunitakasa mbele ya shoka? Ngoja alasiri."

Baada ya sala ya alasiri alinisimamisha kwenye msikiti wa Kipungani, mbele ya wanaume wote, yule jirani wa mjane akiwamo safu ya pili. Nilisema. Sauti yangu, mnaojua ninavyopenda kuzungumza, ilitoka nyembamba kama ya kinda. Nilisema kitabu ni changu, uongo ni wangu, na sababu ni pilau. Mtu mmoja nyuma akacheka pilau ilipotajwa, mwingine akamnyamazisha, na nadhani nilitamani wote wacheke. Juma lile wazee walikwenda shambani, Lali akawaonyesha mpaka, na hatua thelathini za Bi Somoe zikarudi.

Nilidhani nimemaliza.

"Sasa konokono wa Mzungu," akasema Lali.

Basi mtu wa kisimani akapanda mtumbwi. Manda, Pate, Kiwayu. Nilitapika katika kila mlango wa bahari kati ya hapa na huko, Lali akisema konokono wanaogelea vizuri kuliko mimi. Lakini siku ya nne, nimepiga magoti kwenye magugu ya Pate baada ya mvua, nimejaa matope na mbu, nilitia kidole mdomoni mwa mmoja na nikauhisi ule mkunjo. Nikaokota wa pili, wa tatu. Wote. Nikapiga ukelele, "Lali! Umekunjika nde!" Lali akasema, "Alhamdulillahi, kipofu ameona," akaendelea kuokota. Vijana wangu, nilikuwa na miaka thelathini na sita, nimewatoa nyama konokono mamia, na ile ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona mmoja.

Niliosha kikapu kimoja kimoja, mafundo nikayafungua kwa kucha. Nikapeleka sanduku kwa meli pamoja na barua ya kurasa tatu, nikaeleza kila kitu, sikujipunguzia.

Jibu lilikuja karibu mwaka baadaye. Nilimwita Lali, tukaketi hapa dakani mlipoketi ninyi, nikamsomea. Nilitafsiri mara ya pili kati yao, na safari hii sikuruka neno.

Bwana Konokono alimwomba Lali msamaha, kwa maneno mengi, maneno ya mtu aliyeumia. Alisema konokono wa sanduku jipya ni wazuri. Alisema wamegawanyika kisiwa kwa kisiwa, kama alivyotumaini tangu mwanzo, na kama Lali alivyosema. Lakini hawezi kuwatumia. Alikwisha kuwaambia wenzake kwamba visiwa vyetu havionyeshi kitu. Akienda sasa na hawa, watamwuliza nani aliandika walikotoka, naye atalazimika kuonyesha vitabu viwili vinavyopingana, vyote viwili kwa hati moja. Ipi ya kweli? Yeye ananiamini, wao kwa nini waniamini? Kwa hiyo amewaweka wote kando, wa kwanza na wa pili. Mwisho alimsalimu Lali. Mimi hakunisalimu.

Lali akaniomba nisome tena ile sehemu ya msamaha. Nikasoma. Akaniomba barua, nikampa.

"Kwa hivyo konokono wangu ni wa kweli," akasema, akiikunja.

"Ni wa kweli."

"Ila kalamu yako imewaponza."

Aliendelea kuja kwangu kwa miaka mingi baada ya hapo, tulikula pamoja, alinizikia mjomba, alinitania mpaka alipokufa. Lakini hakuniletea tena hata konokono mmoja.

Basi ndilo jibu langu, ndilo nililolificha nyuma ya meno juzi. Mmeniuliza kama aina ziliumbwa hivi au zilibadilika. Mimi naamini Muumba yuko, kama alivyoamini mjomba, wala sioni konokono wa kunitoa katika hilo. Kazi ilikwendaje, sijui. Walikuja viumbe wadogo kuliko kidole changu kutoa ushahidi, wakaulizwa mmetoka wapi, nami nikawajibia. Msimwambie mwalimu wenu kwamba babu Shee kasema hivi au vile. Nendeni Manda. Ni karibu, hata mimi nilifika. Chukueni vikapu tofauti.

Beseni lile bado lipo. Mwana Esha, kabla hajafariki, alilitoboa tundu chini akapandia mrehani, liko uani, karibu na kisima. Mvua ikinyesha konokono hutoka ukutani, wakapanda, wakaula. Sina moyo wa kuwafukuza. Ni wa Amu, fundo moja, wanene. Hao ndio konokono pekee ninaoweza kuwatolea ushahidi.